Wazee wa Banda la Kuku

Mwaka ule wa tisini na tatu, Rehana binti Naseeb alisema "ndiyo" nyingi kuliko zile alizosema siku ya ndoa yake, na zote kwa simu moja. Simu yenyewe ilikuwa ya duka la Alawi pale Msasani ya Tukuyu, na laini ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Upande wa pili alikuwapo mwanamke anayepiga kutoka London, akichanganya Kiingereza na Kiswahili cha kuokoteza, na Rehana alishika neno moja katika kila manne. Aliulizwa kama yeye ndiye binti wa Naseeb, mpiga picha wa Tukuyu. Ndiyo. Kama vile vioo ambavyo baba yake alipigia picha Wayahudi wa Rungwe bado vipo. Ndiyo. Kama vimewekwa mahali pasipovuja. Ndiyo. Kama pana hewa. Ndiyo, hewa ipo. Kama kuna anayeviangalia kila siku. Hapo Rehana alifikiri kidogo, akasema ndiyo, tena wapo wengi.

Alipokata simu, Alawi, aliyekuwa amepima sukari ileile mara tatu ili asikie vizuri, alimuuliza kulikoni. Rehana akamweleza kwamba kuna mgeni anakuja mwisho wa mwezi kutoka nyumba moja ya kuhifadhi kumbukumbu za Wayahudi, na anataka kuona vioo vya marehemu baba. Akaongeza kwamba hakusema uongo hata mmoja, na bado alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mambo yalikuwa hivi. Kabla ya vita vya pili vya dunia, familia chache za Kiyahudi zilizokimbia mateso ya Ujerumani zilifika Rungwe. Wengine walilima chai na kahawa, mmoja akafungua zahanati, mwingine akashona suti ambazo hakuna aliyezihitaji katika mvua ile. Sinagogi hawakuwa nalo. Ijumaa jioni walikusanyika katika nyumba moja huko Kawetele, wakawasha mishumaa na kuimba, na mvua ikawaitikia juu ya bati. Mji mzima ulikuwa na mpiga picha mmoja tu, Naseeb, kijana wa Pangani aliyepanda milima hiyo na kamera ya sanduku, akakusudia kukaa msimu mmoja, akaoa. Ndiye aliyewapiga picha za harusi zao, watoto wao na sikukuu zao. Alikuwa akisema kwamba wiki ya Tukuyu ina siku nne tu, maana Ijumaa yeye yuko msikitini, Jumamosi Wayahudi hawataki hata kuiona kamera, na Jumapili wateja wengine wote wako kanisani.

Baada ya vita wale watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, huyu Israeli, yule Uingereza, mwingine Argentina, na baada ya uhuru hakubaki hata mmoja. Vioo vilikuwa vizito, wakamwachia Naseeb avitunze. Naye akavipaka vanishi kimoja kimoja, kwa kuwa unyevu wa Tukuyu huotesha uyoga hata kwenye kiatu ulichokivaa jana, akavipanga makasha kwa makasha chini ya kitanda. Kabla hajafa alimwambia Rehana kwamba wale watu aliwapa ahadi.

Ikaja miaka ya dhiki, ile ya kupanga foleni ya sabuni. Kheri, mume wa Rehana, alikuwa seremala, na mteja wake mkubwa alikuwa Mzee Ambindwile wa Kisondela. Mzee huyo alikuwa ametoka kumsikiliza bwana mifugo akihubiri kwamba kuku hataki giza, kuku anataka mwanga, akaamua kujenga banda la kisasa lenye madirisha. Lakini Mbeya nzima haikuwa na kioo, si cha dirisha, si cha kujitazamia. Kheri akakumbuka makasha ya chini ya kitanda. Akaenda kumwomba mkewe ruhusa, na kwa bahati mbaya alimkuta katika uchungu wa kumzaa Ummy. Mwanamke aliye katika uchungu hukubali lolote ili mtu atoke chumbani. Rehana alisema ndiyo. Supu aliyokunywa baada ya kujifungua ilikuwa ya jogoo wa Mzee Ambindwile, na alipojua jogoo huyo amenunuliwa kwa kitu gani, alikuwa amekwisha mmaliza mpaka mifupa.

Tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga Kisondela. Alirithi studio ya baba yake, akapiga picha za pasipoti na za vipaimara, akajaribu kutofikiri mambo ya kuku.

Sasa mambo yalikuwa yamefunguliwa, biashara ruksa, na Mbeya ilikuwa imejaa vioo vya kila aina, hata vyenye maua. Kheri alinunua vipya, akavikata kwa kipimo cha madirisha ya banda, akavifunga mgongoni juu ya blanketi jeusi, na mume na mke wakateremka kwenda Kisondela kwa miguu. Safari haikuwa ya heshima. Kila waliyekutana naye alimsimamisha Kheri ili ajitazame na kuchana nywele. Karibu na mto beberu mmoja akaona mwenzake ndani ya mgongo wa Kheri, akaona haifai kuvumilia, na Rehana akalazimika kumpiga kwa mwavuli mpaka walipovuka daraja.

Mzee Ambindwile aliwapokea vizuri. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la mvua alilovaa hata jua likiwaka, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya nyumbani, herufi nyingine zikibadilishana viti. Kheri alipomweleza kwamba wamekuja kubadilisha vioo, bure, vipya kabisa, mzee alicheka kwa upole kama anayesikiliza mtoto, akawaambia waingie kwanza bandani wawasalimie wenyewe.

Rehana aliinama, akaingia. Jua la asubuhi lilikuwa linapita madirishani, na kila dirisha lilikuwa limejaa watu. Ndipo alipoelewa. Kioo cha picha ambacho hakijasafishwa kwenye karatasi hugeuza kila kitu: cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Wale Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamekaa pale na nyuso nyeusi tititi, nywele nyeupe, ndevu nyeupe, na zile suti zao nyeusi zimekuwa nyeupe kama kanzu za Idi. Wengine walikuwa na vikofia vyeupe. Hata yeye, binti wa mpiga picha, angeapa kwamba ni wazee wa Kiafrika waliokusanyika barazani.

"Hawa ni wasee wangu," alisema Mzee Ambindwile. "Siku Kheli alipoweka madilisha, asubuhi yake nikaingia, nikawakuta wamefika. Mimi sikuwaita. Walikuja wenyewe."

Akawatembeza dirisha kwa dirisha. Huyu mwenye ndevu alikuwa Mwaikenda, baba wa babu yake. Hawa waliovaa manyoya na mapembe walikuwa wachezaji ngoma wa ukoo. Rehana alijua kutoka kwa baba yake kwamba ilikuwa sikukuu fulani ya Wayahudi ambayo watu wazima hujivika vichekesho, ila akaona si wakati wake. Kwenye dirisha jingine palikuwa na kinara cha mishumaa tisa, ambacho mzee alikitambua mara moja kuwa ni chana la ndizi lililogeuzwa juu chini. Macho yao yalikuwa na mboni nyeupe, naye aliliona hilo kuwa sahihi, maana mtu aliyekwisha vuka upande wa pili haoni kwa macho ya kawaida. Tangu walipofika, kuku walikuwa wanataga bila kukosa. Kuwaondoa ilikuwa haiwezekani, na vioo vyenye maua awapelekee watu wa Mbeya wasio na ukoo.

Mke wake, Sekela, alikuwa mlangoni na beseni la pumba. Alimtazama Rehana, akapandisha nyusi, akaendelea kulisha kuku.

Rehana aliomba aazimwe mmoja tu. Baada ya mashauriano mzee alimchagua Mwaikenda, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda safari, kwa masharti kwamba arudi kesho yake na asiwekwe karibu na moto.

Jioni ile, katika chumba cha giza cha studio, Rehana aliweka kioo juu ya karatasi, akaitumbukiza karatasi kwenye dawa. Mtu akaanza kujitokeza taratibu, mzungu wa makamo mwenye ndevu nyeusi, anacheka mpaka macho yamefumba, na bega lake moja limelowa mvua. Rehana alijua ni nani aliyemchekesha. Baba yake hakupiga picha ya mtu bila kwanza kumwimbia kama jogoo mwenye kikohozi. Alikaa na karatasi mikononi mpaka Kheri akaja kugonga mlango kuuliza kama amelala humo. Miaka yote hiyo alijiambia kwamba aliuza vioo tu. Sasa aliona kwamba kazi nzima ya baba yake, na vicheko vyote alivyovipata kwa shida, vilikuwa vinatazamwa na kuku.

Kesho yake alimpelekea Mzee Ambindwile picha iliyosafishwa, akiamini kwamba ukweli ukionekana kwa macho, mambo yatakwisha. Mzee aliishika, akaisogeza, akaiweka mbali. Uso ukamwanguka.

"Binti Naseeb," alisema, "umempaka chokaa."

Akakichukua kioo chake, akamwita Kheri akipigilie haraka, akatangaza kwamba hakuna mzee mwingine atakayekwenda mjini kuaibishwa.

Mwisho wa mwezi mgeni akafika. Aliitwa Bi Ruth, alikuwa amepita hamsini, mfupi, mwenye buti za shambani na glavu nyeupe za pamba alizozivaa kwa kazi ya kushika picha za kale. Rehana alikuwa amejiandalia uongo mzuri kuhusu barabara kukatika. Lakini Bi Ruth alipoingia studio, kitu cha kwanza alichofanya ni kusimama chini ya picha ya Naseeb ukutani, akainua shingo na kuwika kama jogoo mwenye kikohozi. Kumbe alizaliwa Kawetele, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka saba. Rehana akashindwa na uongo wake. Akamweleza yote, kuanzia uchungu wa Ummy mpaka chokaa.

Bi Ruth akauliza kama kuku ni wengi. Rehana akasema ni wengi kiasi.

"Kwetu London," alisema Bi Ruth, "tuna makasha ya picha ambazo hakuna kiumbe aliyezitazama tangu zilipoletwa. Twende."

Njiani ikabainika kwamba Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa, lakini Kinyakyusa alichofundishwa na yaya wake kilikuwa hai, ila ni cha mtoto wa miaka saba. Alipomwona Mzee Ambindwile amesimama uani na koti lake la mvua, alimkimbilia akamwamkia "Ugonile", kama mtoto anavyomwamkia mtoto mwenzake wakati wa kuchunga ndama, akakosa kuweka lile "mu" la heshima analostahili mzee. Kheri alifumba macho. Mzee Ambindwile hakuwa ameamkiwa hivyo na mtu yeyote tangu alipoota ndevu, na Rehana aliona kwamba, badala ya kukasirika, mzee alikuwa anajizuia kucheka.

Wakaingia bandani. Bi Ruth akatembea na glavu zake nyeupe kutoka dirisha hadi dirisha, kuku wakimpisha kwa shingo upande. Vioo vingine ukungu ulikuwa umevila, bwana mmoja alikuwa hana kichwa, na kwenye kimoja tetea alikuwa amedonoa kwaya nzima. Alikuwa anataja majina ya Kijerumani kwa sauti ndogo, na nyuma yake Mzee Ambindwile anataja ya Kinyakyusa kwa sauti kubwa, ili asiachwe. Walipofika dirisha la mwisho Bi Ruth akasimama. Palikuwa na mwanamke aliyeketi, ana kinanda cha kukunjua magotini, uso mweusi, nywele nyeupe pe.

"Huyu ni mama yangu," alisema Bi Ruth.

"Huyu ni shangasi yangu Anyosisye," alisema Mzee Ambindwile.

Kila mmoja alieleza hoja zake. Bi Ruth alikijua kile kinanda, kilikuwa na kitufe kimoja kilichong'oka. Mzee alizijua zile pua, ni pua za upande wa baba yake. Wakabishana kwa Kinyakyusa, mmoja cha wazee, mwingine cha watoto, na Rehana aliyekuwa anafuata kwa shida aliona vioo vyote vikienda na maji. Mwishowe Bi Ruth akavua glavu, akaketi juu ya debe, akauliza swali lililofanya hata Sekela aache beseni.

"Mimi najua mwanamke huyu ndiye aliyenizaa. Wewe unajua ni shangazi yako. Sasa mimi na wewe ni nani?"

Mzee Ambindwile alitazama dirisha, akamtazama Bi Ruth, akaipima pua yake kwa makini. Hapakuwa na pa kutokea. Mtoto wa shangazi ni binamu, na binamu ni mtani, na mtani ana haki ya kukuamkia apendavyo na kuomba chochote nyumbani kwako. Ndiyo maana ameniamkia vile, alisema mzee kwa mshangao, tangu pale uani alikuwa anajua. Akamwagiza Sekela achinje kuku. Sekela akauliza yupi, kwa kuwa wote wanataga. Wakabishana na hilo pia.

Kwa hiyo Bi Ruth alipewa wazee wote, kwa haki ya ukoo. Aliposhukuru, "ndaga fijo", sauti ilimkatika kidogo, na mzee akamwambia asilie bandani, kuku wataiga. Siku mbili Kheri alitoa vioo vya zamani na kupachika vipya, na Bi Ruth akakaa na kinasa sauti akimrekodi binamu yake akieleza kila picha: huyu alikuwa na wake wangapi, yule alimpigaje chui. Rehana alidhani anafanya hivyo kwa adabu tu. Bi Ruth akamwambia la, hayo nayo ni maisha ya picha, na yataandikwa. Ndipo Rehana alipopata ujasiri wa kuomba lake. Alitaka chini ya kila picha, hata zile zilizodonolewa, liandikwe jina la Naseeb wa Tukuyu. Na nakala zibaki kwake. Bi Ruth akakubali yote mawili, akashangaa kwamba ilibidi aombwe.

Baada ya wiki moja, Bi Ruth akiwa bado anafunga vioo katika magodoro, Mzee Ambindwile aliingia studio na kikapu kitupu. Alikiweka mezani bila salamu. Kuku walikuwa wamegoma. Wamekaa wanatazama madirisha matupu, alisema, kama watu waliofika msibani wakakuta msiba umehamishwa.

Rehana alifikiri, kisha akacheka peke yake. Akaenda chumba cha giza. Zile nakala zake alizokwisha kuzisafisha kutoka kwenye vioo akazigeuza upya kwenye karatasi nyingine, cheupe kikawa cheusi, cheusi kikawa cheupe, Mwaikenda akarudi na ndevu zake nyeupe. Kheri akazibandika nyuma ya vioo vipya. Mzee aliwapokea wazee wake mmoja mmoja, akawaomba radhi kwa usumbufu. Siku ya pili mayai yakaonekana. Sekela alimvuta Rehana kando akamweleza kwamba wiki ile pumba ilikuwa imekwisha na mume wake hakutaka kusikia, alikuwa ameshika la madirisha tu. Sasa Sekela mwenyewe ameshanunua nyingine. Wakakubaliana kwamba si habari ya kumfikishia mzee.

Vioo vilifika London salama. Katika nyumba ile ya kumbukumbu kila picha ikapewa majina mawili, la kuzaliwa na la Kisondela, na mtu wa kwanza kulalamika alipewa asikilize mkanda wa Mzee Ambindwile, akaurudia mara tatu. Habari zikawafikia watoto na wajukuu wa wale waliokuwa wanaimba Kawetele. Mwaka uliofuata walikuja wanne: dada wawili kutoka Haifa, mwalimu wa Manchester, na bwana mmoja mnene kutoka Argentina mwenye upara unaong'aa. Rehana aliwapeleka Kisondela baada ya kuwapiga picha studio, na kwa kuwa hawakutaka kucheka mbele ya kamera aliwika. Mzee Ambindwile alikuwa anawangojea uani. Aliwatazama pua, akawagawa: huyu mpwa, hawa wajukuu, na yule wa Argentina akamthibitisha kuwa mkwe, jambo ambalo kwa mila ya Wanyakyusa lilimfanya asiruhusiwe kula meza moja na Sekela, na atumike kazi za ukweni. Bwana yule alikubali bila kuelewa. Alipewa kigoda kwenye kivuli chembamba cha ghala, kisu, na mkungu mzima wa ndizi za kumenya, akamenya mpaka mvua ilipomfukuza.